Kwa Nini Bei za Nyumba Hazilingani Njombe na Makambako

Kutoka Njombe mpaka Makambako ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Wenyeji wa pande zote mbili wengi wao ni Wabena, nao hujenga kwa matofali ya kuchoma na mbao za vilima vile vile. Walakini atafutaye kiwanja au chumba cha kupanga huona kwamba bei ya huku si bei ya kule. Sababu yake tuitafute katika historia, wala si katika matofali.

Njombe ni mtoto wa boma. Zama za Waingereza palikuwa makao ya wilaya, na Bwana Shauri alikaa huko. Mwaka 2012 Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa, ndipo wakaongezeka maofisa na makarani. Mtu wa mshahara hulipa kodi kila mwezi, naye hutaka kukaa karibu na ofisi yake. Tena mji umekaa vilimani, yapata mita 2,000 juu ya bahari. Mahali tambarare ni pachache, na ajengaye mteremkoni hana budi kuchimba na kuinua msingi kabla ya kupandisha ukuta.

Makambako ni mtoto wa njia. Reli ya kwenda Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipata kituo hapo. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hupita papo hapo, na miaka ya 1980 ile ya kwenda Songea ikatiwa lami. Basi pakawa njia panda. Saruji itokayo Mbeya na bati zitokazo Dar es Salaam hufika Makambako kwanza, na mjenzi wa Njombe huongeza nauli ya gari. Lakini mbele ya barabara ya Makambako kila mtu ataka duka au nyumba ya wageni, na bei ya hapo haifanani na ya kiwanja kilicho nyuma.

Hivyo twaona kwamba auzaye nyumba huuza vitu viwili: jengo, na mahali. Jengo ni jasho lake mwenyewe. Mahali pamepewa thamani na boma, reli na lami, yaani kazi ya watu wengi. Zamani sheria ilihesabu maendelezo tu, kama nyumba na mimea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri kwamba haki ya mtu katika ardhi yenyewe ina thamani.

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Kwanza, mwenye shamba kando ya mji asiliuze kwa haraka aonapo wapima barabara. Atakayenunua amekwisha kujua kesho yake. Pili, halmashauri zipime viwanja kabla ya njia na ofisi kufika, na kuweka akiba kwa wenye kipato kidogo. Barabara ikiisha kupita, bei hupanda upesi, na fundi, mchuuzi na mwalimu kijana husukumwa mbali na mji ambao wao nao waliujenga.