Kisima cha Juu: Majina ya Kisimayu na Visa Vyake



Wiki chache zilizopita mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la jioni alituletea karatasi ya ramani akauliza, "Ustadh, babu yangu anasema kwao ni Kisimayuu. Hapa pameandikwa Kismaayo, na kwenye ramani ya zamani Chisimaio. Ni miji mitatu?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwani tulipotaka kumjibu tuliona jawabu ni refu kuliko kipindi. Basi tumeona ni vyema tuliandike hapa, wazazi nao wapate kulisoma na watoto wao.

Mji ni mmoja. Uko upande wa kusini wa mahali mto Juba unapoingia baharini, kiasi cha kilomita 500 kutoka Muqdisho. Wazee wa Kibajuni wanasema jina ni kisima na yuu, yaani kisima cha juu, kwa kuwa "juu" kwao ni yuu au iyu. Wallahu aalam, ila lina mwenzake wa kulitolea ushahidi: katika visiwa vya Bajuni kuna Fuma Iyu na Tini, yaani Fuma ya juu na ya chini. Na kwa wavuvi jina la namna hii lina maana kubwa. Katika visiwa vya matumbawe maji matamu ni haba, na nahodha anayejua kisima kiko wapi ndiye anayerudi nyumbani.

Ama Chisimaio, msilisome kwa "ch" yetu. Kwa Kitaliano "chi" husomwa "ki". Waitaliano walisema Kisimayo kama sisi, wakaandika kwa kalamu yao. Kismaayo yenye "a" mbili ni maandishi ya Kisomali, yaliyochukua herufi za Kilatini rasmi mwaka 1972.

Lakini kuna jina la nne ambalo mwanafunzi wetu hakulikuta, nalo ndilo lenye kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alipeleka manowari kusini, akitafuta njia ya kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu ya Nile. Mkuu wa msafara alikuwa McKillop Pasha, Mwingereza, na pamoja naye Chaillé-Long, Mmarekani, wote wawili watumishi wa Misri. Walishuka Barawa, kisha Kisimayu, ambako walikuta bendera ya Sultan Barghash wa Zanzibar. Wakaiteremsha, wakapandisha yao, na mji wakauita Port Ismail, kwa jina la bwana wao. Barghash alilalamika kwa Waingereza, Waingereza wakambana Khedive, na kabla ya mwaka kuzunguka meli zikaondoka. Kisima kikabaki na jina lake! Tukiwaza hao wavuvi waliolala Kisimayu wakaamka Port Ismail, tunadhani asubuhi ile walikwenda baharini kama kawaida.

Na haikuwa mara ya mwisho. Kuanzia 1895 mji ulikuwa chini ya Waingereza, ukawa makao makuu ya jimbo la Jubaland. Aliyezaliwa hapo mwaka 1924 alizaliwa Kenya. Mwaka wa pili yake, 1925, Uingereza iliwapa Waitaliano jimbo hilo, kuwa malipo ya kuwa upande mmoja nao katika Vita Vikuu vya Kwanza. Waitaliano wakaliita Oltre Giuba, "ng'ambo ya Juba", wakalifanya koloni la peke yake lenye stempu zake za posta. Koloni hilo liliishi mwaka mmoja tu: mwaka 1926 liliunganishwa na Somalia ya Kitaliano. Wanaokusanya stempu wanalijua jina hilo kuliko wenyeji wenyewe. Februari 1941 Waingereza wakarudi, mwaka 1950 Waitaliano wakarudi kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1960 ukaja uhuru. Mtoto yule wa 1924 alipitia yote hayo kabla ya kufika miaka 37, na pengine hakuhama nyumba.

Sasa mitaa. Shaqaalaha kwa Kisomali ni "wafanyakazi". Calanley (herufi "c" ni ile ain ya Kiarabu, wanafunzi mnaijua) limetokana na calan, bendera. Guulwade ni mwenye kuongoza kwenye ushindi, neno la enzi za Siad Barre, ambaye wanamgambo wake waliitwa kwa jina hilo. Katika majina haya Kibajuni hakimo.

Bandari nayo ina kisa. Ukisimama gatini leo unasimama juu ya kisiwa. Mwaka 1964, kwa msaada wa Marekani, njia ya mawe ilijengwa kuunganisha bara na kimojawapo cha visiwa vya Bajuni, na juu yake likajengwa gati la zaidi ya mita 600. Watoto wa mjini wanadhani ni rasi.

Mbona tunayakusanya haya? Serikali ilipoanguka mwaka 1991 Wabajuni walinyang'anywa mashua na nyumba, wengi wakakimbilia Mombasa, wakakaa kambi ya Jomvu. Baadaye wengine walifika Ulaya kuomba hifadhi, na huko walikabiliwa na swali lisilo dogo: mnathibitishaje kuwa ni Wabajuni wa Somalia na si wa Lamu, nanyi Kisomali chenyewe hamkijui vizuri? Mwaka 2004 mahakama ya rufaa za uhamiaji Uingereza ilitoa uamuzi mzima juu ya Wabajuni na kuijua lugha ya Kibajuni. Wakaulizwa visiwa vinavyofuatana, mitaa ya mji, na visima viko wapi. Kijana aliyetoka akiwa na miaka minne atajibu nini, ikiwa nyumbani hakuna aliyemhadithia?

Mwanafunzi wetu tulimrudishia ramani yake, tukamwambia aende nayo kwa babu. Alirudi Jumamosi. Mzee alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli na kwa herufi za Kiarabu: Koyama, Chovai, Chula. Na karibu na bandari ametia duara dogo, akaandika neno moja: kisima.