Kinanda cha Mwimbaji

Neno kinanda limehama nyumba. Ukilitamka leo, msikilizaji anaona vitufe vyeupe na vyeusi, kanisani au kwenye jukwaa la taarab. Lakini zamani, huko Lamu na Mombasa, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu mdogo wa udi, ambacho wengine wanakijua kwa jina la gambusi. Hata nyimbo zilizoimbwa nacho ziliitwa kinanda. Na aliyekipakata mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeimba. Neno lilipohamia kwenye vitufe, tukazoea watu wawili: mwimbaji mbele na kipaza sauti chake, mpiga kinanda pembeni.

Mimi ni wa mbele. Nimeimba harusini na misibani miaka mingi nikimtegemea mpiga kinanda, na asipopatikana, natoa flashi yenye biti. Sasa biti ina tabia moja: haisubiri. Msibani mama mwenye mtoto anaanza kulia, unaona kabisa kwamba mstari ule unatakiwa urudiwe taratibu, mara mbili, labda mara nne, lakini biti imeshakwenda kwenye kiitikio. Unamfuata nani, mama au mashine? Hiyo ndiyo sababu nikaanza kujifunza vitufe nikiwa mtu mzima, kwa haraka, bila mpango wa kuwa mpiga kinanda. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nikajiuliza: waimbaji wenzangu wa zamani walifanyaje?

Wa kwanza kunifurahisha ni Irving Berlin. Alizaliwa mwaka 1888 katika Urusi ya wakati huo, akafika New York mwaka 1893 na familia iliyokimbia umaskini na mateso waliyofanyiwa Wayahudi. Ujanani alikuwa mhudumu mwimbaji katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Wachina: analeta vinywaji, anaimba, wateja wanamtupia sarafu. Piano alijifundisha mwenyewe, usiku, wateja wakishaondoka. Alikomea kwenye kii moja tu, ile ya F-sharp, ambayo mkono unakaa karibu wote kwenye vitufe vyeusi. Mtu akitaka wimbo kwa kii nyingine, je? Berlin alinunua piano yenye wenzo: ukiusogeza, vidole vinabaki palepale lakini sauti inapanda au kushuka. Mojawapo ya piano zake za namna hiyo, ya mwaka 1940, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Mtu huyu wa kii moja ndiye aliyetunga "White Christmas".

Nawajua wapiga vinanda wanaocheka wakikuona unabonyeza kitufe cha "transpose". Waache wacheke. Kitufe hicho ni mjukuu wa wenzo wa Berlin, na sisi tuliokulia kwaya tunakielewa kuliko wao. Kwaya nyingi za Afrika Mashariki hazikusoma noti za mistari mitano. Zilisoma solfa, mtindo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waimbe bila kusomea muziki. Katika solfa, "do" haina makazi ya kudumu. Leo iko chini kwa ajili ya besi, kesho inapandishwa. Mwanakwaya anayejua solfa ana nusu ya kinanda kichwani tayari: anaweka do kwenye C, anatafuta wimbo kwa vitufe vyeupe, halafu anaiachia mashine kazi ya kupandisha na kushusha. Mimi nilianza hivyo. Wimbo kwanza kwa mkono wa kulia, kama ninavyouimba. Baadaye tu zile kodi tatu (si za nyumba, ni noti tatutatu zinazopigwa pamoja), ya do, ya fa na ya so.

Lakini chombo kilichotengenezwa hasa kwa mtu kama mimi ni harmonia. Ilianzia Ufaransa miaka ya 1840, kubwa, ya kukanyagwa kwa miguu. Kolkata, katika robo ya mwisho ya karne hiyo, mafundi wa India akiwemo Dwarkanath Ghose waliigeuza ikawa kisanduku: unakaa chini, mkono wa kushoto unasukuma mvukuto, wa kulia unapiga. Angalia hesabu hiyo. Mkono mmoja tu ndio wenye vitufe, kwa hiyo hakuna besi ya kukusumbua. Mkono unatembea na koo. Nyingine zina safu ya vitufe inayosogezwa kulia au kushoto kumfuata mwimbaji, dawa ileile ya Berlin. Harmonia ikavuka bahari pia. Katika taarab ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi, ile tunayomkumbukia Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014, harmonia na tabla ndizo zinazobeba shairi.

Urahisi huo ulikuwa na maadui, tena wakubwa. Mwaka 1940 redio ya taifa ya India ilipiga marufuku harmonia hewani, na mshairi Rabindranath Tagore alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Marufuku ilidumu hadi ilipolegezwa mwaka 1971. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kitufe ni ngazi. Sauti ya raga huteleza kati ya noti na noti, na harmonia haitelezi. Mwimbaji anayeifuata kila siku anaweza kuanza kuimba ngazi yeye mwenyewe. Hapa nawapa haki yao: nimejisikia nikinyoosha vikolombwezo vyangu ili vilingane na vidole. Dawa niliyoipata ni kushikilia kodi na kuacha wimbo wenyewe kwa koo. Ila kupiga marufuku chombo cha maskini anayetaka kujiimbia, hapana, hapo wazee walizidi.

Na kuna hatua ambayo harmonia haikunifundisha, kwa sababu yenyewe hufuata. Mkono unaweza pia kuongoza. Aretha Franklin, aliyekulia Detroit katika kanisa la baba yake, alijifunza piano kwa kusikiliza. Mwalimu alipoletwa nyumbani, mtoto alijificha. Alirekodi nyimbo za injili kanisani humo akiwa na miaka 14. Kisha akaingia Columbia, na kwa miaka sita alipewa okestra nzuri na wapangaji wazuri, na mara nyingi piano ilipigwa na mtu mwingine. Ukisikiliza rekodi zile utamsikia mwimbaji hodari anayevikwa nguo za kuazima.

Mwishoni mwa mwaka 1966 alihamia Atlantic. Mtayarishaji Jerry Wexler akampeleka studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama, akamketisha kwenye piano. Spooner Oldham, mpiga kinanda wa pale, alihamia kwenye piano ya umeme akamwachia nafasi. Siku hiyo, tarehe 24 Januari 1967, walirekodi "I Never Loved a Man (The Way I Love You)". Sikiliza anavyoburuta mwisho wa mstari, na bendi nzima inangoja mkono wake. Wao ndio waliomfuata. Baadaye ukazuka ugomvi, kazi ikavunjika, na wimbo wa pili ukabaki nusu. Aliumalizia New York, akipiga mwenyewe piano na ogani, dada zake wakiitikia.