Nani Aliyejenga Nundu? Mgunga, Sisimizi na Kuvu katika Historia ya Utafiti wa Nyika Zinazopakana na Mbulu na Hanang

Mgunga wenye nundu, unaojulikana kitaalamu kama Vachellia drepanolobium, huota kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi katika Afrika Mashariki. Baadhi ya miiba yake huvimba chini na kuwa nundu, mwanzoni laini na za kijani, baadaye ngumu, nyeusi na zenye uwazi ndani. Sisimizi huzitoboa na kuishi humo. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi. Swali lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu ni nani anayezijenga nundu hizo.

Jibu la awali lilikuwa mdudu. Georg Schweinfurth, aliyesafiri Sudan mwishoni mwa miaka ya 1860, aliona mgunga wa jamii ya karibu na huu na kueleza kuwa uvimbe wake ulitokana na mabuu. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kwenye mialoni ya Ulaya na Marekani, nyigu hutaga yai ndani ya jani, na jani huvimba kulizunguka buu.

Mwaka 1905 hadi 1906 Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, aliongoza safari ya utafiti Kilimanjaro, Meru na nyika ya Wamasai. Wilaya ya zamani ya Mbulu, ambayo Hanang ilikuwa sehemu yake, ilipakana na nyika hiyo kwa upande wa magharibi. Jina Acacia drepanolobium, lililotolewa na mtaalamu wa mimea Harms, lilichapishwa mwaka 1908 katika kazi ya Sjöstedt. Katika kuzieleza nundu, Sjöstedt alitumia neno la Kijerumani lilelile linalotumika kwa uvimbe wa wadudu. Hapo ndipo istilahi ilipoanza kuongoza fikra: ukiita kitu uvimbe wa mdudu, utamtafuta mdudu.

Mwaka 1970 Brian Hocking alichapisha utafiti mrefu kuhusu wadudu wa migunga ya aina hii. Ikawa wazi kwamba mche uliooteshwa bila sisimizi hutoa nundu vilevile. Mjenzi ni mti wenyewe; sisimizi ni mpangaji, ingawa ni mpangaji anayelipa kodi kwa kuwafukuza wanyama wanaokula majani.

Mjadala huo wa pande mbili uliisahau kuvu. Kuvu zinazoishi ndani ya mmea bila kuudhuru waziwazi zilipewa jina la endofaiti na Anton de Bary mwaka 1866, lakini uhusiano wake na uvimbe wa wadudu ulichunguzwa kwa kina karne moja baadaye. Watafiti wa mialoni nchini Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, walikuta kuvu za jani zikiingia kwenye uvimbe wa nyigu ambao buu lake limekufa. Kilichobishaniwa ni iwapo kuvu iliua buu au ilikuja baada ya kifo. Tofauti hiyo si ndogo: katika hali ya kwanza kuvu ni mlinzi wa mti, katika ya pili ni mla mzoga tu.

Kwa mgunga, mpangilio umegeuka. Mti hujenga, mdudu huingia, kuvu huja naye. Mwaka 2017 Christopher Baker na wenzake walionesha, kwa kutumia vinasaba, kwamba kila moja kati ya spishi tatu za sisimizi wanaoishi ndani ya nundu ina jamii yake ya kuvu, na kwamba tofauti hizo zilibaki vilevile katika maeneo mawili yaliyo umbali wa kilomita 190. Kwa spishi mbili kati ya hizo, vinasaba vya kuvu nyingi za ndani ya nundu vilipatikana pia kwa majike wenye mabawa, wale wanaoruka kwenda kuanzisha makoloni mapya. Kuvu hizo zina kazi gani, watafiti hao waliacha wazi.

Maeneo yote mawili, hata hivyo, yako Kenya. Mti uliopewa jina kutokana na nyika ya Tanganyika unafahamika leo, kwa habari ya kuvu zake, kupitia sampuli za kaskazini ya mpaka. Kuyachukua matokeo hayo na kuyapachika Hanang ni kurudia kosa la Schweinfurth kwa njia nyingine. Malisho ya Wabarabaig wilayani humo yalipunguzwa sana na mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Mahali ambapo mifugo na wanyamapori wamepungua, mgunga hupunguza utomvu na nundu inazowapa sisimizi, kama majaribio ya Kenya yaliyochapishwa mwaka 2008 yalivyobainisha. Na sisimizi wakibadilika, kuvu nazo huenda zikabadilika.