Vichaka vinaporudi kwenye nyasi za Kilimanjaro, udongo hupata nini?

Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro kuanzia eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. TANAPA ilieleza kuwa takriban kilomita za mraba 95 ziliungua. Eneo kubwa lilikuwa la nyasi na vichaka, na ni rahisi mtu kusema kilichoungua ni pori tu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini vichaka hivyo vina thamani, na kwa nini vinahitaji muda.

Vichaka gani?

Juu ya mita 3,000 hivi, mimea inayotawala ni ya jamii ya Erica, yenye majani membamba kama sindano. Usipopita moto, Erica hukua hadi kuwa mti wa mita 10. Moto ukirudi mara kwa mara, hubaki kichaka kifupi, na nyasi hutwaa nafasi. Mtafiti Andreas Hemp, aliyechunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha kuwa msitu wa Erica ulipungua kutoka kilomita za mraba 187 mwaka 1976 hadi 32 mwaka 2000. Moto ndio sababu kuu.

Kaboni huenda wapi?

Mmea hufyonza hewa ukaa na kuigeuza kuwa majani, shina na mizizi. Nyasi hazina shina la kudumu, hivyo akiba yao kubwa iko chini, katika mizizi myembamba inayokufa na kugeuka mboji. Vichaka vikirudi, kaboni huongezeka haraka juu ya ardhi kwa sababu mti hudumu miaka mingi.

Chini ya ardhi mambo huenda polepole. Udongo wa Kilimanjaro umetokana na volkano, na madini yake hushika mboji kwa nguvu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba tayari imo udongoni, hata pale unapoona nyasi tupu. Vichaka huongeza tabaka la majani makavu juu yake, na tabaka hilo ndilo la kwanza kuungua.

Tusidhani pia kuwa vichaka huongeza kaboni ya udongo kila mahali. Utafiti wa kusini-magharibi mwa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulilinganisha nyasi na maeneo yaliyovamiwa na vichaka. Kwenye ukame udongo ulipata kaboni zaidi, lakini kwenye mvua nyingi ulipoteza. Anayehesabu miti bila kupima udongo anaweza kukosea hesabu yote.

Na rutuba je?

Baada ya moto, nyasi huchipua kijani kibichi, na wengine huona hiyo ni dalili ya rutuba. Ukweli ni kwamba majivu huacha potasiamu, kalsiamu na fosforasi kwa muda mfupi, huku nitrojeni nyingi ikipotea na moshi. Mvua ya vuli ikinyesha kwenye mteremko ulio wazi, husomba majivu pamoja na udongo wa juu.

Vichaka vinavyorudi huzuia hasara hiyo. Mizizi hushika udongo, na kivuli hupunguza joto na kukauka. Hata hivyo majani ya Erica ni magumu na huoza taratibu, hivyo virutubisho hukaa vimefungwa ndani yake kwa muda mrefu. Mimea jamii ya kunde husaidia zaidi, kwa kuwa bakteria wa kwenye mizizi yake huvuta nitrojeni kutoka hewani.

Kinachotakiwa

Erica haihitaji kupandwa kila mahali, kwani hujiotea yenyewe ikipewa nafasi. Tatizo ni moto unaorudi kabla haijakomaa. Moto mmoja wa kurina asali au wa kupikia, ukiachwa bila kuzimwa, unaweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Hasara hiyo hufika hadi chini kwetu. Miti ya Erica iliyokomaa hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Kwa hiyo kulinda vichaka vya juu ni kulinda pia unyevu wa mlima na udongo unaoutunza.