Tuzo za Juno na Swali la Nani ni Mkanada

Tuzo za Juno ni tuzo za kitaifa za muziki uliorekodiwa na wasanii wa Kanada. Hutolewa kila mwaka, kwa kawaida mwezi Machi, na akademia ya wanamuziki na wafanyabiashara wa muziki inayojulikana kwa kifupi chake cha CARAS. Nje ya Kanada hazina uzito wa Grammy, na waasisi wake hawakutarajia ziwe nao. Shida iliyowasumbua ilikuwa ya nyumbani: nchi yao ilikuwa na waimbaji wengi, lakini wananchi walikuwa hawawasikii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wakanada wengi waliishi karibu na mpaka wa Marekani, kama wanavyoishi hadi leo, na walisikiliza redio za pande zote mbili. Vituo vya Kanada vyenyewe vilifuata chati za Marekani. Santuri ya mwimbaji wa Toronto au Winnipeg ilipata nafasi hewani kirahisi zaidi ikiwa imeshavuma kusini ya mpaka. Studio nzuri zilikuwa chache na lebo kubwa zilikuwa matawi ya kampuni za nje, kwa hiyo aliyetaka kuishi kwa muziki alifunga mizigo. Paul Anka alikuwa ameshatajirika kupitia New York mwishoni mwa miaka ya 1950. Katikati ya muongo uliofuata Neil Young alihamia California, na baadaye Joni Mitchell naye akaelekea huko.

Katika hali hiyo Walt Grealis, aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuingia katika kazi ya kutangaza santuri, alianzisha gazeti la kila wiki liitwalo RPM mjini Toronto mwezi Februari 1964. Lilikuwa gazeti la watu wa kazi hiyo: watangazaji, wauza santuri, mameneja na wenye lebo. Msaidizi wake mkuu alikuwa rafiki yake Stan Klees, mtayarishaji wa muziki. Mwezi Desemba mwaka huohuo RPM liliwaomba wasomaji wapige kura kuchagua wasanii bora wa Kanada, na matokeo yakachapishwa gazetini. Hapakuwa na sherehe. Kwa miaka kadhaa tuzo hizo ziliishia kwenye karatasi, na huenda zingebaki hivyo kama Grealis na Klees wasingeona kwamba msanii asiyeonekana akipokea kitu mkononi hawezi kukumbukwa.

Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 23 Februari 1970 katika ukumbi wa St. Lawrence Hall, Toronto, kwa jina la Gold Leaf, yaani Jani la Dhahabu, kutokana na jani la mti wa maple la Kanada, lile lililo kwenye bendera ya nchi hiyo. Wageni walikuwa mia chache tu, wengi wao wakifahamiana. Klees mwenyewe alibuni kinyago cha tuzo: kipande kirefu cha mbao chenye umbo la metronomu, kile chombo cha kupimia mwendo wa muziki.

Mwaka huo wa 1970 ulikuwa na bahati yake. Kundi la The Guess Who kutoka Winnipeg lilishika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani kwa wimbo “American Woman”, na Anne Murray wa Nova Scotia akapenya huko kwa “Snowbird”. Hoja kwamba Kanada haina muziki wa kuchezwa redioni ikawa ngumu kuitetea. Hata hivyo, kilichobadilisha mambo kwa kina kilikuwa sheria. Tume ya utangazaji, CRTC, iliyoundwa mwaka 1968 na kuongozwa na Pierre Juneau, iliamua kwamba kuanzia tarehe 18 Januari 1971 asilimia 30 ya muziki unaochezwa na vituo vya AM lazima uwe wa Kanada. Wenye vituo walilalamika kwamba wasikilizaji watawakimbia. Tume haikurudi nyuma.

Jina la Juno lilitokana na kisa hicho. RPM liliwauliza wasomaji tuzo ziitweje, na pendekezo lililoshinda lilikuwa kuzipa jina la Juneau. Likafupishwa kuwa Juno, ambalo pia ni jina la mungu wa kike wa Warumi wa kale, mke wa Jupita. Si mara nyingi wanamuziki humpa mkuu wa tume ya serikali heshima ya namna hiyo. Tuzo za kwanza kwa jina hilo zilitolewa tarehe 22 Februari 1971, wiki chache baada ya kanuni kuanza kutumika. Anne Murray, Gordon Lightfoot na The Guess Who waliondoka na tuzo za waimbaji na kundi.

Kanuni ya asilimia 30 ilizaa swali ambalo halijawahi kuiacha Juno: wimbo wa Kanada ni upi? Klees alilijibu kwa nembo ya duara iliyogawanywa robo nne na kubandikwa kwenye santuri. Kila robo ilisimamia jambo moja: mtunzi wa muziki, msanii anayeuimba, mahali uliporekodiwa, na mtunzi wa mashairi. Wimbo uliotimiza mawili kati ya manne ulihesabiwa kuwa wa Kanada. Ni kipimo cha karani, hakiulizi kama wimbo unanukia Kanada au la, na huo ndio ubora wake: mfanyakazi wa redio angeweza kukitumia bila kubishana na mtu.

Kampuni za santuri hazikufurahia kwamba tuzo kubwa za nchi zilikuwa mali ya gazeti moja. Zilitaka televisheni, na katika mwaka 1974 mvutano ulifikia hatua ya kuzungumziwa kuanzishwa kwa sherehe nyingine. Grealis na Klees walikubaliana na wenzao, chombo cha pamoja kikaundwa, na kutokana nacho ikazaliwa CARAS. Tarehe 24 Machi 1975 shirika la utangazaji la CBC lilionyesha Juno kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, Paul Anka akiwa mshereheshaji. Kijana aliyelazimika kuondoka nchini ili ajulikane ndiye aliyerudi kuwakaribisha watazamaji. Gazeti la RPM liliendelea hadi mwaka 2000, lakini usiku wa tuzo haukuwa wake tena.

Televisheni ilileta majina makubwa, na majina makubwa yakaleta ugomvi wa kwanza. Stompin' Tom Connors alikuwa mwimbaji wa kantri mwenye kofia pana na kiatu cha kukanyagia ubao akiimba, na nyimbo zake zilihusu miji midogo, mashamba ya viazi na wachimba migodi wa Kanada. Alikuwa na Juno sita. Mwaka 1978 alizirudisha zote. Alidai kwamba tuzo zilikuwa zikipewa watu aliowaita warukaji mpaka, waliohamisha maisha na kazi zao Marekani kisha wakarudi nyumbani kuchukua sifa, na kwamba wengine waliwekwa katika vipengele visivyo vyao. Kisha akasusa, akaacha muziki na kukaa shambani kwake kwa karibu miaka kumi. Kwa wenye tuzo dai lake lilikuwa gumu. Kama wangelifuata, wangekosa takriban kila msanii ambaye ulimwengu ulimjua kuwa Mkanada. Mwaka huohuo CARAS ilianzisha Jumba la Watukufu wa Muziki wa Kanada, na wawili wa kwanza kuingizwa, mpiga piano Oscar Peterson na kiongozi wa bendi Guy Lombardo, wote walikuwa wamepata jina kubwa Marekani.

Ugomvi wa pili ulitoka upande wa pili. Mwaka 1991 Bryan Adams alikuwa na wimbo uliokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 16, lakini kwa nembo ya Klees albamu yake ya “Waking Up the Neighbours” haikuwa ya Kanada. Muziki na mashairi alivitunga pamoja na Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira katika Zambia ya leo, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika nje. Robo moja tu ilibaki: msanii. Adams alikasirika hadharani, na mwaka 1993 CRTC ililegeza kanuni ili Mkanada aliyetunga kwa ushirika na mgeni asipoteze haki yake. Juno zenyewe hazikuwahi kutumia nembo hiyo kupima wagombea. Zilitazama uraia na ukaazi. Kwa hiyo kulikuwa na Wakanada wa aina mbili: wa redio na wa jukwaani.

Quebec, jimbo linalozungumza Kifaransa, ilikuwa na jibu lake. Tangu mwaka 1979 wasanii wa Kifaransa wana tuzo zao za Félix, zenye jina la mwimbaji Félix Leclerc, na wapenzi wengi wa muziki huko huzifuatilia kuliko Juno. Céline Dion alivuna katika mashamba yote mawili, lakini ni wachache waliomfuata.

Weusi wa Kanada nao walikuwa na swali lao, na kwa muda mrefu halikuulizwa kwa sauti. Hadi mwaka 1985 Juno hazikuwa na kipengele cha R&B wala cha rege na kalipso, ingawa Toronto ilikuwa na jamii kubwa ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Rapu iliingia mwaka 1991, na Maestro Fresh-Wes akawa wa kwanza kuichukua. Lakini kuwa na kipengele hakukumaanisha kuonekana. Tuzo nyingi zilitolewa kwenye hafla ya pembeni isiyorushwa hewani, na rapu ilikuwa miongoni mwake. Mwaka 1998 kundi la Rascalz kutoka Vancouver lilishinda kwa albamu ya “Cash Crop”, likaikataa tuzo likilalamika kwamba muziki wa watu weusi unafichwa nyuma ya pazia. Mwaka uliofuata walikuwa jukwaani wakiimba “Northern Touch” mbele ya kamera, na tuzo ya rapu ikatolewa hewani. Kati ya magomvi yote ya Juno, huu ndio uliojibiwa haraka kuliko mengine, pengine kwa sababu dawa yake ilikuwa dakika chache tu za televisheni.

Sherehe zenyewe zilikuwa zimeshaanza kutoka Toronto. Zilikwenda Vancouver mwaka 1991, na mwaka 1995 zilihamia uwanja wa ndani wa Hamilton, ambapo watu wa kawaida waliweza kununua tiketi na kukaa pamoja na wenye suti. Kuanzia mwaka 2002, zilipochukuliwa na kituo cha CTV, zikawa za kuzunguka: St. John's, Ottawa, Edmonton, Winnipeg, Halifax, Saskatoon na kuendelea. Zilirudi CBC mwaka 2018. Mwaka 2020 zilikuwa zifanyike Saskatoon, korona ikazifuta siku chache kabla, na washindi wakatangazwa mtandaoni mwezi Juni.

Katika kipindi hicho majina kutoka Afrika Mashariki na jirani zake yaliingia kwenye orodha. Mwaka 2005 tuzo ya albamu ya muziki wa dunia ilikwenda kwa African Guitar Summit, mkusanyiko wa wapiga gitaa Waafrika waishio Kanada. Ndani yake alikuwamo Mkenya Adam Solomon, pamoja na Mighty Popo, aliyezaliwa Burundi kwa wazazi Wanyarwanda, ambaye baadaye alirudi Rwanda kuongoza shule ya muziki ya Nyundo. Mwaka 2006 K'naan, mzaliwa wa Mogadishu, alishinda kwa rapu, na mwaka 2010 akawa msanii wa mwaka na mtunzi wa mwaka. Mwaka wa 2011 ulikuwa wa ajabu zaidi. Juno zilitimiza miaka 40 na zilirudi Toronto, na mshereheshaji alikuwa Drake, kijana wa mji huohuo aliyekuwa akiwania tuzo sita. Hakupata hata moja. Tuzo ya rapu ilichukuliwa na Shad, aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wanyarwanda na kukulia London ya Ontario, na wimbo wa mwaka ukawa “Wavin' Flag” wa K'naan, ulioimbwa upya na wasanii wa Kanada kwa ajili ya waathirika wa tetemeko la Haiti. Warukaji mpaka wa Connors walikuwa wakienda kusini. Hawa walikuwa wamevuka bahari kuingia.

Anne Murray bado ndiye anayetajwa kwa Juno nyingi kuliko wote. Kinyago nacho kilibadilika. Mbao ziliacha nafasi kwa akriliki katika miaka ya 1980, na mwaka 2000 msanii wa vioo Shirley Elford akabuni umbo la binadamu lililozungushiwa mstari wa muziki. Washindi hupatikana kwa njia tofauti kulingana na kipengele: vingine huamuliwa na kura za wanachama wa CARAS, vingine na majaji, na mauzo huhesabiwa katika baadhi.

Wenyeji wa asili wa Kanada walipata kipengele chao mwaka 1994, baada ya kampeni iliyoongozwa na Elaine Bomberry na wenzake, akiwamo mwimbaji Buffy Sainte-Marie, aliyekuwa amejulikana kwa miaka mingi kuwa mzaliwa wa jamii ya Wakrii. Mwaka 2023 uchunguzi wa CBC ulionyesha cheti chake cha kuzaliwa cha Massachusetts, Marekani. Yeye alisisitiza kwamba familia ya Kikrii ilimpokea kama mtoto wao kwa mila, na baadaye alithibitisha kwamba ni raia wa Marekani. Mwezi Machi 2025 CARAS ilitangaza kumfutia tuzo zake za Juno na nafasi yake katika Jumba la Watukufu, kwa kuwa hakutimiza sharti la uraia. Uamuzi huo haukugusia asili ya damu wala mila, mambo ambayo kamati ya tuzo haina namna ya kuyapima. Kipengele alichosaidia kukianzisha kiliendelea, na tangu mwaka 2022 kimegawanywa viwili, kimoja cha muziki wa kimapokeo na kingine cha muziki wa kisasa wa wenyeji wa asili.