Zawadi ya Njiani

Kabla neno zawadi halijawa kitu anachopewa mtu akafurahi, lilikuwa chakula. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule unaozaa zad, yaani akiba anayofungiwa msafiri asife njaa njiani. Mswahili alipolipokea aliligeuza kazi: kile alichoondoka nacho mtu kikawa kile anachorudi nacho. Neno jingine, masurufu, nalo limevuka bahari hiyohiyo, lakini lina harufu ya daftari. Mzizi wake ni matumizi, fedha iliyokwisha kutoka mfukoni. Wenye majahazi walihesabu masurufu. Waliobaki nyumbani walifunga zawadi.

Historia ya bahari yetu imeandikwa zaidi kwa kalamu ya wale wa kwanza. Ndani yake mna pembe za ndovu, boriti za mikoko, karafuu, na nani alimtoza nani ushuru. Kikapu kilichosukumwa mahali pakavu karibu na tezi hakikupata mwandishi, ilhali hapana chombo kilichong'oa nanga bila hicho.

Alama zake, hata hivyo, zinaonekana katika maandishi ya wageni. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo kitabu kiitwacho Periplus, anawataja watu wa pwani hii na vyombo vyao vya kushonwa kwa kamba. Anaorodhesha bidhaa walizoletewa kutoka Muza, huko Yemen: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Kisha anaongeza jambo ambalo wanahistoria wa biashara hulipita haraka: mahali pengine wageni walileta pia ngano na divai kwa wingi, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia mapenzi ya wenyeji. Chakula kilichopakiwa chomboni kilikuwa na kazi mbili tangu zama hizo. Sehemu yake ililiwa njiani, na sehemu yake ilifungua mlango.

Mnamo 1331 Ibn Battuta alilikuta jambo hilohilo Mogadishu, ila limegeuzwa upande. Marikebu yake ilipotia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akamkabidhi sahani na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakununua wala kuuza ila kwa mkono wa mwenyeji wake. Mtu anaweza kuiita hila ya biashara, na hatakosea. Lakini aliyepika chakula kile na kukifunika ili kisimwagike mawimbini alikwishafanya kazi ya balozi kabla kijana hajafungua kinywa.

Aliposhuka Mombasa, msafiri huyo aliandika kwamba chakula cha watu wa kisiwa kile ni ndizi na samaki, na nafaka yao huletwa kutoka pwani ya bara. Msomaji asiyejua vyombo huona hapo umaskini wa kisiwa. Ajuaye vyombo huona chakula kilichokwisha kufungwa: ndizi ina ganda lake, haihitaji sahani, na samaki aliyekaushwa kwa chumvi na jua hukaa siku nyingi.

Hapa inafaa kuvitenganisha vyombo. Katika jahazi la safari ndefu jiko lilikuwemo, nalo lilikuwa sanduku lililotiwa mchanga ili moto usiunguze mbao. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, likaja hadi Unguja na kwenye delta ya Rufiji kuchukua boriti. Katika kitabu chake cha 1940, Sons of Sindbad, alieleza maisha hayo ya wali, samaki na tende, na mabaharia wakilizunguka sinia moja.

Lakini safari nyingi za Waswahili hazikuwa za miezi. Zilikuwa za kutwa moja: Mkokotoni kwenda Tumbatu, Lamu kwenda Siyu au Faza, au kutoka tu kwenda kuvua na kurudi. Katika ngalawa hakuna sanduku la mchanga. Mkono mmoja umeshika demani au upondo, wa pili ndio unaokula, na chini ya miguu kuna maji yanayongoja kukumbwa. Mchuzi hauna nafasi hapo. Hata wali wa nazi, mfalme wa chakula cha nchi kavu, ni msafiri mbaya, kwani tui huchacha katika joto kabla alasiri haijaingia. Elimu ya kikapu ilianza na kujua cha kuacha.

Kilichobaki kilikuwa kikavu, kitamu au kikali. Samaki aliyepakwa chumvi na ndimu akakaangwa mpaka akakauka. Mkate wa mofa, wa unga wa mtama, ambao ugumu wake nchi kavu ni kasoro na baharini ni fadhila. Muhogo wa kuchemsha kwa chumvi bila nazi. Huu ni mgeni aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini baada ya kuja Wareno, akapata makazi vikapuni kana kwamba hakupata kukosekana. Ladu zenye tangawizi na pilipili manga. Tende, ambazo sukari yake huzilinda zisioze. Halua, iliyosongwa kwa wanga, samli na sukari hata maji yakaisha, ikafungwa ndani ya kijikapu cha ukili. Na dafu, ambalo ni maji na chombo cha maji kwa pamoja. Mtungi humwagika, pipa hutoa harufu, lakini dafu hungoja mpaka linapokatwa.

Machungwa na ndimu yanataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa yaliamua uhai na kifo cha watu.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa akiwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye. Shajara ya safari ile, inayonasibishwa na Álvaro Velho, inasema mfalme wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Uadui uliofuata ni habari nyingine. Kutoka Malindi walipewa rubani, wakaondoka tarehe 24 Aprili kwa upepo wa kusi, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Chakula cha chini ya mwezi mmoja kiliwatosha.

Wakati wa kurudi hawakumsikiliza mwenye kujua pepo. Waliiacha pwani ya Uhindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijatulia, wakatangatanga karibu miezi mitatu. Watu thelathini walikufa katika kuvuka huko, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 walifika Malindi, na miongoni mwa vitu walivyoomba kwanza ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Yaliletwa. Waliokwisha kudhoofika mno walikufa papo hapo bandarini.

James Lind, daktari wa Kiskoti, alifanya jaribio lake la machungwa na malimau mwaka 1747, na jeshi la majini la Uingereza likaamuru maji ya limau yagawiwe mabaharia mwaka 1795, takriban miaka mia tatu baada ya kapu lile la Mombasa. Hapana haja ya kudai kwamba wazee wa pwani waliijua vitamini C. Walichokijua ni kalenda. Aliyengoja msimu wake alivuka kwa wiki chache, akapita bandari zenye michungwa na milimau, na kiseyeye hakikupata muda wa kumwota. Kikapu cha Mswahili kilikuwa kidogo kwa sababu elimu yake ya upepo ilikuwa kubwa.

Katika safari ya kutwa, badala ya msimu yalitawala maji kujaa na kupwa. Watu wa Shela, ambao wazee wao inasemekana walihama Takwa katika kisiwa cha Manda baada ya visima vyake kuingia chumvi, wamekuwa wakivuka kwenda kuzuru magofu hayo na kuomba mvua. Mkono wa bahari unaofika Takwa hupita katikati ya mikoko, na chombo huingia maji yakiwa yamejaa tu. Aliyechelewa kutoka hukaa juu ya matope hadi maji yarudi, na mchana wake umekwisha. Ndiyo maana kikapu cha kutwa hakikufungwa kwa mlo mmoja. Kulikuwa na chakula cha kwendea, na chini yake, ndani ya kitambaa cha pili, chakula cha kukwama.

Nani alikadiria hayo? Aghalabu mtu asiyepanda chombo. Alijua sura ya mwezi na kwa hiyo nguvu ya bamvua, alijua idadi ya watu, na alijua kwamba nahodha atagawa kwa asiyeleta kitu. Katika nyumba nyingi alikuwa mama au mke. Katika majumba ya mawe ya Unguja na Lamu mara nyingi alikuwa mtumwa, aliyetwanga na kukaanga usiku kucha kwa safari isiyokuwa yake, mpaka amri ya 1897 Zanzibar na ile ya 1907 pwani ya Kenya. Vitabu vya nahodha vinataja nyota, fungu na mlango wa bandari. Jina la aliyeamka saa tisa za usiku kuwasha moto halimo, na kuliandika "mapishi ya asili" bila yeye ni kumsahau mara ya pili.

Siku hizi boti ya kasi huvuka kutoka Unguja hadi Dar es Salaam kwa takriban saa mbili, na hakuna afaye njaa kwa saa mbili. Abiria hununua biskuti na soda gatini. Mvuvi wa ngalawa bado hutoka alfajiri na muhogo wake, samaki wa jana na chupa ya chai. Na yeyote arudiye, kwa boti au kwa tanga, hukutana na watoto mlangoni. Hawaulizi bahari ilikuwaje. Hukipokea kikapu, wakainua kitambaa, wakatazama ndani.