Dhahabu ya kwanza ilitoka Mombasa, skolashipu zikapita njia nyingine

Haya watu wangu, leo siweki video ya kuchekesha. Leo ni historia, manake kuna jambo limenikaa rohoni.

Juzi mama mmoja, jirani yetu hapa Mtongwe, aliniita mlangoni kwake. Bintiye yuko kidato cha tatu, akimbia mita 400, na mwaka huu amewaacha wenzake mbali. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe wajua mambo ya mitandao. Nasikia mbio zaweza kumsomesha mtoto Marekani. Ni kweli, ama ni wale matapeli?"

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Lakini hapa kwetu njia yake haijafyekwa."

Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu kwa mkato. Jibu refu ni hili.

Tuanze na jina moja: Seraphino Antao. Uliza vijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, wengi watakwambia hawajawahi kumsikia. Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, familia ya Kigoa. Alikuwa na kazi yake, mazoezi yalikuwa ni baada ya kazi. Mwaka 1962 kule Perth, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishinda yadi 100 na yadi 220. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya kwenye michezo hiyo, na hata Uhuru ulikuwa bado. Mwaka 1964 yeye ndiye aliyebeba bendera yetu Olimpiki ya Tokyo. Baadaye alihamia Uingereza, akafariki London mwaka 2011.

Someni tena hapo. Dhahabu ya kwanza haikutoka Iten wala Eldoret. Ilitoka Mombasa, kwa joto hili hili, na ilikuwa ya mbio fupi.

Sasa skolashipu. Wengi wadhani zilianza kwa sababu Wazungu waliona Wakenya wana mbio. Zilianza na watu kuandikiana barua. Septemba 1959 Tom Mboya alisafirisha wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, baada ya kuzunguka kule akitafuta nafasi na pesa. Watu kama Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli, na mwimbaji Harry Belafonte walisaidia kuchanga. Hao 81 hawakuitwa kwa ajili ya mbio, waliitwa kwa masomo. Ila wazo likabaki: Mkenya aweza kupata chuo Marekani mradi kuna mtu wa kumfungulia mlango.

Wanariadha nao wakapita humo. Julius Sang na Robert Ouko walisoma North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi, chini ya kocha LeRoy Walker. Mwaka 1972 kule Munich wawili hao, pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau, walishinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 kwa wanne. Mita 400, jamani. Mbio za yule binti wa jirani.

Halafu tazameni Washington State. Kocha alikuwa John Chaplin. John Ngeno alikimbia pale. Akaja Samson Kimobwa, akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Akaja Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na ile ya kuruka viunzi na maji. Akaja Julius Korir, dhahabu ya viunzi na maji, Los Angeles 1984. Chuo ni kimoja, na Wakenya wanafuatana kama watu wa foleni ya feri.

Hiyo foleni ndiyo siri yenyewe. Kocha akishaletewa ushindi na Mkenya mmoja, humuuliza: kwenu kuna mwingine? Naye atamtaja nani? Atamtaja wa shule yake, wa kijiji chake. Mwaka 1988 Seoul, Peter Rono wa St. Patrick's Iten, aliyekuwa akisoma Mount St. Mary's, Maryland, alishinda mita 1,500. Olimpiki hiyo hiyo Paul Ereng alishinda mita 800. Ereng ni Mturkana, alisoma Starehe, akaenda Chuo Kikuu cha Virginia, na alianzia mita 400. Na mwaka 2004 John Manners na Mike Boit wakaanzisha mpango wa KenSAP kule Iten, wa kuwaandaa vijana wa Bonde la Ufa kuingia vyuo vikubwa vya Marekani.

Sikatai, nyanda za juu zasaidia mbio ndefu. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, pale uwanja wa gofu, ng'ambo tu ya Likoni. Joto lilimtoa hata Kenenisa Bekele, hakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, wakubwa ndio husimulia. Lakini vyuo vya Marekani havitafuti mbio ndefu pekee. Vyataka mita 100, 200, 400, kuruka mbali, kurusha mkuki, tufe. Kwa hayo huhitaji mlima. Kwa hiyo tukisema "sisi watu wa pwani hatuna damu ya riadha", twajidanganya. Damu tunayo tangu Antao. Tulichokosa ni mtu wa kwanza wa foleni.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mimi pia nilikuwa nakimbia 400. Shule yangu siitaji, walimu walijitahidi kwa walivyokuwa navyo. Muda wangu ulipimwa kwa saa ya mkono, ukaandikwa nyuma ya daftari. Nilipomaliza nilimwandikia kocha mmoja wa Marekani, na akajibu! Akataka matokeo rasmi, video na alama zangu. Daftari halikuonekana tena. Video sikuwa nayo. Nikaenda chuo hapa nchini, karo ikanishinda mwaka wa pili, nikaacha. Sisemi ningekuwa Antao. Nasema hata kushindwa sikupata nafasi ya kushindwa vizuri.

Kwa hiyo wazazi na walimu, haya ndiyo nimeyajua nikiwa nimechelewa.

Kwanza, muda lazima uwe na ushahidi. Mtoto akifika mashindano yenye saa za elektroniki, wekeni nakala ya matokeo, na mtu arekodi mbio nzima kwa simu, kutoka mwanzo hadi utepe.

Pili, masomo ni nusu ya mbio. Vyuo vya daraja la kwanza vyakagua masomo ya sekondari moja moja, na mtihani wa Kiingereza huulizwa mara nyingi. Mbio nzuri na alama mbovu ni mlango uliofungwa. Wengine hupitia vyuo vya miaka miwili kwanza. Sally Kipyego alianzia South Plains, Texas, akahamia Texas Tech, akasomea uuguzi, na mwaka 2012 akapata fedha ya Olimpiki mita 10,000.

Tatu, msikae. Ukimaliza kidato cha nne saa inaanza kuhesabu. Ukikaa mtaani miaka ukishindana, waweza kupoteza misimu yako ya chuo kabla hujafika.

Nne, skolashipu si lazima iwe nzima. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa skolashipu 12.6 tu, ya wanawake 18, na kocha huzigawa vipande. Ulizeni: ni robo, ni nusu, ni yote? Na kabla ya kumpa ajenti hata shilingi, tafuteni barua pepe ya kocha kwenye tovuti ya chuo mumwandikie wenyewe. Kuandika ni bure.

Na tusidanganyane kwamba huko ni peponi. Henry Rono, na rekodi zake nne, hakukimbia Olimpiki hata moja, manake Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Pombe ikamtesa, pesa zikaisha, akaishi maisha magumu Marekani miaka mingi. Alirudi nyumbani mtu mzima, akafariki Februari 2024. Mbio huisha. Cheti ndicho hubaki, kwa hiyo mtoto aende kusoma, si kukimbia tu.

Jana jioni nilirudi kwa yule mama, nikamweleza yote haya barazani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa, mwanangu, nani atamwanzia?"

Jumamosi binti ana mbio. Nimechaji simu, na nimenunua daftari jipya. Hili litakaa kwangu. Kama uko Kisauni au Changamwe na una mtoto anayekimbia, njoo naye. Foleni yahitaji mtu wa kwanza, na mimi nimechoka kusubiri atoke kwingine.